Kamanda na Mkeka wa Babu

Ugomvi wa kwanza haukuwa wa mikojo, ulikuwa wa jina. Mwanangu mkubwa alikuwa amekipakata kijibwa ndani ya sweta la shule kutoka Mbezi mpaka kwetu Kinyerezi, na njiani humo alishaamua kwamba mbwa ataitwa Simba, kama wanavyoitwa mbwa wasiohesabika wa jiji hili la Dar es Salaam. Babu, yaani baba mkwe wangu, ni shabiki wa damu wa klabu ya Yanga, watani wa jadi wa Simba. Akazima redio. Anayemjua Babu anajua kwamba, kabla ya saa ya kulala, redio ile huzimwa kwa msiba tu. "Katika nyumba hii," akasema, "hasimami mtu getini jioni akaita Simba, Simba, njoo ule, na majirani wanasikia." Mdogo, kwa nia njema, akapendekeza basi aitwe Yanga. Babu akamwomba arudie, maana pengine hakusikia vizuri. Chai ikapoa mezani. Mwishowe likapita jina la Kamanda, ambalo halina jezi.

Mwenye jina hakusubiri matokeo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa Babu, akaunusa pembeni, akauzunguka, akachuchumaa.

Mkeka ule una heshima yake. Aliusuka marehemu Bibi kwa mkono wake, miyaa ya zambarau na kijani, na Babu hulalia huo huo kila mchana chini ya feni ingawa makochi yapo. Akautazama, akamtazama mwanawe, yaani mume wangu, akasema kwa upole uliotutisha wote: "Mbwa ni wa nje."

Wala hakuna aliyeweza kumpinga. Kwetu mbwa hukaa nje. Hulala bandani, hufunguliwa usiku, hula ugali na vichwa vya dagaa, na suala la wapi atajisaidia huwa ni lake na Mungu wake. Kamanda naye angeishi hivyo kama si parvo. Ugonjwa huo ulikuwa umepita mtaani kwetu, vijibwa vikaharisha damu na kufa kabla wenye navyo hawajaamua nani atalipia dawa. Virusi vyake ni vigumu kufa, hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Bwana mifugo akatoa sharti: chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na kabla ya hapo Kamanda asikanyage upande wa geti wanakopita mbwa wa mtaa. Akae ndani. Ua wa nyuma, wenye ukuta na mpera mmoja, uwe ndio choo chake.

Jioni ile Dada wetu wa kazi aliomba kuzungumza nami pembeni. Ni Mwislamu, mtoto wa Pangani, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii kama watu wengi wa pwani, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. "Mama, mimi simchukii," akasema. "Lakini nguo hizi nasalia nazo." Akataja masharti yake. Mbwa awe na sahani yake, ndoo yake na tambara lake. Asiingie jikoni. Yeye hatamgusa wala hatakubali kulambwa. Mengine yote atasaidia. Nikakubali, nikijua kwamba nimempoteza mfanyakazi mmoja katika vita hivi na kazi yote imebaki kwa wenye damu.

Wenye damu tulikuwa na bidii sana, kila mtu kwa njia yake. Mume wangu ni mmoja wa Watanzania wale wanaoamini kwamba mbwa huzaliwa akijua Kiingereza. Kijibwa cha Mbezi, ambacho hata Kiswahili kilikuwa bado kukisikia vizuri, kikawa kinaamrishwa kwa lafudhi ya sinema. Mkubwa alimtolea mlango wa mbele, akakumbushwa parvo, akahamia mlango wa uani. Mdogo alimbeba mikononi mpaka chini ya mpera, akamwimbia, akambeba kumrudisha kabla hajafanya lolote, akatoa taarifa kwamba "amekataa". Mimi nilisema "twende". Babu alisema "toka", neno ambalo nyumbani kwetu huambiwa kuku, paka, inzi na wagombea wa udiwani. Ilikuwa nyumba moja yenye serikali tano, na raia mmoja wa wiki nane akijitahidi kuzitii zote.

Kijibwa cha umri huo hakina kibofu cha kusubiri mjadala. Wafugaji hukadiria kwamba mchana kijibwa kinaweza kujizuia takribani saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, pengine na nyongeza kidogo. Kamanda wa miezi miwili, basi, ni mtu wa saa mbili, labda tatu akiwa amelala. Akiamka, anataka kutoka. Akimaliza kula, anataka kutoka, mara nyingi ndani ya nusu saa, kwa sababu tumbo likipokea chakula huamsha utumbo wote. Akicheza, kisha ghafla akaacha kucheza na kuanza kunusa sakafu kwa duara, huo si utafiti. Una sekunde chache.

Babu alikuja na tiba ya kijijini: mkamate, msugue pua palepale, mchape kidogo, atakoma. Kamanda alikoma kweli. Alikoma kukojoa mbele ya Babu. Mbwa hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na kosa la dakika tano zilizopita. Anachokiona ni mzee mwenye fimbo na dimbwi, na anahitimisha kwamba mzee huyu hapendi kuona mikojo popote. Kwa hiyo Babu alipomtoa uani na kusimama chini ya mpera akimsubiri, Kamanda aliketi kwa adabu, akatazama majani, akajibana mpaka mwisho wa uvumilivu wake. Wakarudi ndani wote wawili. Babu akakaa kwenye kiti, Kamanda akapita nyuma ya kochi, pasipo na shahidi, akamaliza haja zake. Walifanya hivi kwa muda, wakiheshimiana.

Kesi ya mume wangu ilikuwa ya aina nyingine. Kila aliporudi kutoka kazini Kamanda alimkimbilia mlangoni, akajikunja, akalaza masikio, akageuka tumbo juu, na kumkojolea viatu. Viatu vya ngozi. Mume wangu alilichukulia kama suala la kisiasa ndani ya nyumba, hasa kwa kuwa mimi sikukojolewa. Ukweli ni kwamba vijibwa vingi hufanya hivyo mbele ya mtu mkubwa mwenye sauti nzito anayeviinamia. Ni salamu ya unyenyekevu, iko karibu na shikamoo kuliko dharau, na hutoka bila kukusudiwa. Ukigomba, mikojo inaongezeka, maana mnyonge anaona hajanyenyekea vya kutosha. Dawa yake ni kuingia kimya, kutomtazama, kutomsemesha, na kumsalimia baadaye akiwa ametulia, ikiwezekana uani. Baba wa nyumba akaanza kuingia kwake kama mwizi. Siku moja jirani alimwona akinyata barazani na viatu mkononi, akaniuliza kama tumegombana.

Na usafi nao ukawa na mikasa yake. Harufu ndiyo ramani ya mbwa. Pua yake ina vipokezi vya harufu mamia ya mamilioni, yetu ina vichache tu vya kutuwezesha kujua wali unaungua. Sakafu ikionekana safi kwetu, kwake bado imeandikwa CHOO. Mkubwa akamwaga dawa ya klorini ya kung'arishia mashuka moja kwa moja juu ya mikojo mibichi ndani ya korido isiyo na dirisha, na dakika haikupita sote tukawa nje tunakohoa na machozi yanatutoka. Klorini ikikutana na amonia iliyomo kwenye mikojo hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, si jambo la kuchezea. Tukahamia kwenye utaratibu wa kishamba uliofanya kazi: kufyonza kwanza kwa tambara kavu, kuosha kwa sabuni ya unga ile yenye vimeng'enya, kisha kusuuza kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji. Nyumba ikanukia kachumbari. Sabuni zenye amonia tuliziweka kando kabisa, kwa sababu kwa pua ya Kamanda zinamkaribisha.

Lakini mkeka uliendelea kulowa. Uoshwe, uanikwe, ufichwe juu ya kabati, ukirudi chini tu, Kamanda yuko juu yake. Ukikosekana alichagua zulia la sebuleni. Zulia likikunjwa, alichagua kifuta miguu cha mlangoni. Siku kifuta miguu kiko kwenye kamba, alichagua kikapu changu cha sokoni, kilichokuwa kimelazwa ubavu. Sakafu ya vigae, iliyo tele nyumba nzima, hakuitaka. Babu alianza kusema kuna mtu amemtuma.

Bwana mifugo ndiye aliyetegua kitendawili, alipokuja kwa chanjo ya pili. Hakuuliza alikojoa mara ngapi. Aliuliza: "Alizaliwa juu ya nini?" Mkubwa akakumbuka: kwa mjomba kule Mbezi, stoo ya nyuma ya duka la nafaka, juu ya rundo la magunia ya katani. Bwana mifugo akacheka peke yake. Katika wiki tatu za mwanzo, akaeleza, mama mbwa huwalamba watoto wake ili wakojoe, na husafisha kila kitu. Wakishaanza kutembea wanajitoa wenyewe kando kidogo ya pale wanapolala, na kinachokuwa chini ya miguu yao wakati huo ndicho wanachojifunza kuwa ni choo; ikifika karibu wiki ya nane, mazoea hayo yameshakaza. Kamanda hakuwa na chuki na Bibi aliyesuka mkeka. Alikuwa mtoto mwenye adabu zake, aliyefundishwa kwamba mahali pa heshima pa kujisaidia ni juu ya kitu kilichofumwa, akaja kwenye nyumba yenye vitu vizuri vilivyofumwa, akashukuru.

Tukaenda sokoni kununua gunia la katani kuukuu. Likafutwa kidogo kwenye mojawapo ya makosa ya Kamanda ili libebe harufu, likatandazwa chini ya mpera. Mikeka na mazulia yote ikapanda juu ya makabati. Kamanda alipolikuta gunia lake alilizunguka, akaliingia kwa miguu yote minne, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata barua kutoka kwao. Kila wiki tulikata kipande cha gunia, likapungua mpaka likabaki la ukubwa wa sahani, kisha leso, kisha udongo mtupu.

Mahali palikuwa pamepatikana. Saa ndizo zilikuwa bado, na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho kilikuwa kikiendelea mbele ya macho yetu. Mchana, sisi tukiwa kazini na shuleni, makosa hayakuwepo. Jioni tukirudi, yanaanza. Nikamwuliza Dada anafanya nini.

"Simfanyi kitu," akasema. "Namwambia nje."

Siku ya mapumziko nikakaa kuangalia. Redio ya Babu ina ngoma zinazolia kabla ya taarifa ya habari, na kabla ya ule muhtasari mfupi wa kila saa pia. Ngoma zilipolia, Dada aliacha alichokuwa akifanya, akafungua mlango wa uani, akasimama pembeni mbali na njia, akasema, "Nje." Mara moja, bila kupandisha sauti. Kamanda akatoka. Dada akasimama kizingitini, hakumwimbia, hakumfuata, hakumwinamia. Kamanda akafanya yake, na kabla hata hajanyanyuka vizuri, dagaa mmoja mkavu aliruka hewani na kuanguka karibu naye. Dada alikuwa na mfuko wa dagaa kwenye aproni. Kisha mlango ukafungwa, akarudi kwenye mboga zake. Baada ya uji wa mbwa, vilevile. Mbwa akiamka, vilevile. Ikitokea ametoka na hakufanya kitu, anarudishwa, anafungiwa kwenye kona ya korido penye boksi lake, na baada ya muda mfupi mlango unafunguliwa tena kwa neno lilelile.

Wataalamu wa mafunzo ya mbwa wamejaza vitabu kwa haya haya: neno moja, mlango mmoja, saa zilezile, chakula kwa wakati badala ya sahani inayokaa wazi kutwa, na zawadi itolewe ndani ya sekunde moja au mbili, kwa sababu ikichelewa hulipa jambo jingine. Dada hakuwa amesoma kimojawapo. Alikuwa hataki kuguswa. Mtu asiyeweza kumbeba mbwa, kumsukuma, kumvuta shingo wala kumsugua pua, hubakiwa na sauti, mlango na dagaa, na analazimika kuvitumia kwa namna ileile kila mara, la sivyo hana kitu. Najisi ilikuwa imefanya kazi ambayo mapenzi yetu sote yalishindwa.

Serikali nne zikajiuzulu. Neno likawa "nje", kwa Kiswahili, na mume wangu alilitamka siku za mwanzo kana kwamba limemkwama. Babu, ambaye hakuwa amehusishwa na mpango huu, alishtuka kusikia kwamba redio yake inaendesha choo, akafikiri, kisha akaanza kuiongezea sauti kila saa ikikaribia. Mkubwa, aliye kidato cha tatu, akaleta habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, na ambaye mbwa wake walidondosha mate waliposikia mlio uliozoeleka kutangulia chakula. Babu alitaka kujua kama Mrusi huyo alikuwa na redio. Alipoambiwa kuwa alitumia, pamoja na vingine, chombo cha kupigia mdundo wa muziki, aliridhika kwamba wetu ni mtambo wa kisasa zaidi.

Una kasoro zake. Siku ya mechi ya watani wa jadi redio ilipelekwa barazani, na mdhamini mmoja wa matangazo alikuwa ameamua kuuza sabuni kwa mlio wa ngoma. Kila tangazo, Kamanda mlangoni. Kila tangazo, mtu anyanyuke. Bao la Yanga liliingia Babu akiwa chini ya mpera anamsubiri mbwa asiye na hata tone, na mpaka leo anasimulia bao hilo kwa uchungu wa mtu aliyelisikia kupitia ukutani.

Usiku boksi lilikaa karibu na kitanda chetu. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, ilmradi pasiwe pakubwa kiasi cha kugawanyika chumba na choo, kwa hiyo alipobanwa alikwaruza na kuguna, tukatoka mara moja usiku wa manane bila maneno mengi wala michezo, tukarudi. Maji hatukumnyima, joto la Dar es Salaam mwezi wa pili si la kumnyima kiumbe maji. Umeme ukikatika tulitembea gizani kwa kuburuta miguu, desturi iliyobaki nyumbani hata baada ya haja yake kwisha.

Masika ilipoanza tulirudi nyuma kidogo. Kamanda, ambaye sasa alikuwa na miguu mirefu na sauti inayovunjika, alichungulia mvua ya Aprili kutoka kizingitini na kugeuka. Dada akatoka na mwavuli. Nikashuhudia msichana amesimama kwenye tope chini ya mpera, mkono umenyooshwa mpaka mwisho kumkinga mbwa, mwili wake wote ukiwa nje ya mwavuli ili asimguse, akisema "Nje" kwa mbwa ambaye alishakuwa nje. Dagaa akaruka. Mvua ikamkuta na kumwosha kabla hajatua, Kamanda akamla hivyo hivyo.

Mkeka ukashushwa kabatini mwezi wa tano. Babu aliulalia siku nzima ya kwanza bila kuamka, kwa ulinzi.

Kisha ikaja Idi ya Kuchinja, na Dada akaenda kwao Pangani. Alimwachia Babu maagizo, si mimi, na mfuko wa dagaa. Mchana redio ilitosha. Tatizo lilikuwa mzunguko wa mwisho, saa nne usiku, ambao hauna ngoma kwa kuwa Babu huzima redio na kulala. Huo uliendeshwa kwa sauti ya Dada peke yake. Babu akasema "nje". Kamanda akafungua jicho moja. Nikasema mimi. Watoto wakasema kwa zamu. Mume wangu akajaribu, akateleza, akamalizia kwa Kiingereza. Mbwa akalala juu ya miguu yake mwenyewe chini ya meza.

Simu ikalia. Alikuwa Dada, anatutakia Idi njema, na mume wangu akaweka sauti ya nje watoto wasikie. Tukaulizana hali, mama mzima, safari salama, mbuzi wa kesho mkubwa. Katikati ya salamu tukasikia sufuria ikianguka huko Pangani, na sauti ya Dada imegeukia pembeni: "Nje! Wewe mbuzi, nje!"

Kamanda akanyanyuka. Akajinyoosha, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaenda mpaka mwisho wa korido, akasimama mbele ya mlango wa uani.

"Msikate," akasema Babu, akaenda kufungua. Aliporudi kutoka mperani alimwomba mume wangu amtumie Dada vocha ya elfu mbili, na ujumbe juu yake: kesho saa nne usiku apige tena, mbuzi awepo asiwepo.